KWENU WAPI? KWETU KWAMNDOLWA, BWANA!

Wiki hii naomba ruhusa yako tuweke pembeni habari za mapenzi na mitindo ya nguo. Nataka tuongelee swali moja ambalo hapa Dar huwezi kumaliza mwezi hujaulizwa: "Kwenu wapi?"

Ukienda kupanga chumba, mama mwenye nyumba atakuuliza. Ukianza kibarua kipya, wenzio watakuuliza kabla hujajua hata choo kiko wapi. Ukipeleka posa ndo usiseme, wazee wa upande wa pili watakuchimba mpaka wafike kwa babu yake babu yako. Mtu wa Kilimanjaro swali hili halimpi shida. Anajibu kifua mbele: Machame, Marangu, Kibosho. Mtu wa Bukoba ndo kabisa, hata usipomuuliza atakwambia. Sasa njoo kwetu sisi tuliozaliwa kwenye vimji vya barabarani. Wapo watoto wa Korogwe wakiulizwa wanajibu "Tanga", basi. Ukimbana, "Tanga sehemu gani?", anakwambia, "Tanga palepale mjini, karibu na bahari." Bahari gani jamani, wakati kutoka Korogwe kwenda Tanga mjini ni karibu kilomita 100?

Mimi najibu Kwamndolwa. Na kila nikijibu hivyo lazima atokee mmoja acheke: "Kwa nani?" Kwa Mndolwa, ndugu yangu. Ni kata ndani ya Mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Sehemu nyingi za kule zina majina ya namna hiyo. Kuna Kwamsisi, kuna Kwashemshi, kuna Kwagunda, na ukielekea Handeni utakutana na Kwamatuku. Hiyo "kwa" ni ileile unayoijua wewe. Zamani mtu alikuwa haendi mahali, anakwenda kwa mtu. Mahali pakabaki na jina la mwenyeji, na jina la Mndolwa mpaka leo utalikuta kwa watu wengi wa mkoa wetu. Hapa Dar mnazo Kwa Mtogole na Kwa Aziz Ally, mbona hakuna anayecheka?

Lakini sikulaumu sana. Najua wewe Korogwe unaijua kupitia dirisha la basi. Unatoka Dar kwenda Moshi au Arusha, unakula karibu kilomita 300, kondakta anapiga kelele: "Dakika kumi, dakika kumi tu!" Abiria mnashuka kuchimba dawa, mnanunua machungwa, dereva anapiga honi, mnaondoka. Basi hiyo ndiyo Korogwe ya watu wengi, dakika kumi na mfuko wa machungwa. Leo kaa kidogo nikupe habari za baada ya basi kuondoka.

Kitu cha kwanza ni mto. Kwenye ramani unaitwa Pangani, lakini wenyeji wa bonde wanauita Ruvu, au Luvu kwa matamshi ya wazee wetu. Usichanganye na ule Ruvu unaowapa maji watu wa Dar, huu mwingine. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanateremka kandokando ya milima ya Upare na Usambara, yanapita Korogwe, mpaka yanamwagika baharini pale mji wa Pangani. Safari nzima ni kama kilomita 500. Mto wenyewe haupigi kelele kwetu, umetulia, una rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake kuna kambare na perege, na kuna mamba, ndiyo maana mama zetu walikuwa wanatukanya kwenda kuogelea kwa ukali kuliko walivyotukanya mambo mengine yote.

Ukiteremka chini ya Korogwe kidogo unafika Hale. Pale maji hayahaya yanazungusha mitambo ya umeme. Kituo cha Hale kilianza kazi 1964, megawati 21. Mbele yake kuna kingine, Pangani Mpya, kilichoanza 1995 chenye megawati 68. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Kwa hiyo wewe unayecheka jina la Kwamndolwa huku unachaji simu, jua tu kwamba kuna siku maji yaliyopita kwetu ndiyo yaliyokuwashia taa.

Zamani mto huu ulikuwa ukuta. Enzi za vita na biashara ya utumwa, watu wa bonde letu walijenga vijiji kwenye visiwa vilivyo katikati ya maji, ili adui akija akute mto na mamba kabla hajakuta mlango. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita bonde hili kwenda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkubwa wa Usambaa. Miaka hiyo bonde lilikuwa mpaka na pia soko, Wasambaa mlimani, Wazigua ng'ambo, Wabondei upande wa bahari, na misafara ikitoka na kwenda pwani. Yaani mji wetu kupitiwa na wageni haukuanza na mabasi.

Kitu cha pili ni reli, na hapa watu wa Dar nawaomba mkae vizuri kwenye viti. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893. Kampuni ikaishiwa hela, serikali yao ikaichukua 1899, na mwaka 1902 gari moshi likafika Korogwe. Mwaka 1905 likafika Mombo, na 1911 likafika Moshi. Sasa jiulize, Dar reli ilianza kujengwa lini? Ilianza 1905! Kwa hiyo wakati babu zetu wanasikia honi ya gari moshi, huko kwenu Dar hata reli ya kwanza ilikuwa haijalazwa. Nani mshamba sasa?

Reli hiyo imepitia mengi. Juni 1916, wakati wa vita kuu, jeshi la Waingereza lilishuka kufuata reli na mto na kuiteka Korogwe. Mwaka 1963 ikakamilika njia ya kutoka Ruvu ya Pwani hadi Mnyusi, jirani na Korogwe, ikaunganisha reli ya Tanga na reli ya kati. Baadaye treni ya abiria ikapotea kabisa, nyasi zikaota kwenye mataruma. Desemba 2019 treni ya abiria ilitoka tena Dar hadi Moshi, baada ya kukosekana zaidi ya miaka 20. Shangazi yangu alivaa kitenge chake cha harusi kwenda kuiangalia stesheni. Hakuwa na safari yoyote, alikwenda kuiangalia tu.

Kitu cha tatu ndicho kilichonileta mimi duniani, nacho ni mkonge. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 likatoka pori lote la mkonge unaloliona kwa dirisha la basi. Ilipofika 1964 nchi hii ilivuna kiasi cha tani 230,000, hakuna nchi duniani iliyokuwa inatufikia.

Lakini mkonge haujikati, na wenyeji wa bonde wengi hawakuutaka, maana walikuwa na mashamba yao na kazi ile ni ngumu ile mbaya. Ndipo wakaletwa manamba. Neno hilo limetokana na namba, kwamba mtu akiajiriwa anapewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua, watu wakaiita SILABU, ikawa inazoa vijana Kigoma, Iringa, Songea na mpaka nje ya mipaka. Babu yangu mzaa baba alizolewa Kasulu mwaka 1957, akiwa na miaka 19. Alipanda treni mpaka Morogoro, kisha lori mpaka Korogwe. Alikuwa anatuambia alipoona mstari wa kwanza wa mkonge alifikiri ni mananasi, akafurahi kwamba huko aendako kuna matunda. We acha tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaamka giza, unaingia shambani na kisu, unakata majani ya chini, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga mafungu ya majani 30. Mafungu yanapelekwa kiwandani kwenye mashine inayoitwa korona, inasaga jani zinabaki singa, na singa zinaanikwa juani kama nywele za bibi kizee. Ule ugonjwa ulipoingia mwaka 2020 bibi yangu aliuliza kwa nini watu wanavaa barakoa kwa ajili ya mashine. Manamba alikuwa na kadi, kipande, ya siku 30. Ukifanya kazi siku moja wanakuwekea alama moja. Ukiumwa hupati alama. Mshahara ni mpaka kipande kijae.

Kambini walijaa Waha, Wahehe, Wangoni, Wamakonde, Warundi. Kila kabila na ngoma yake siku ya mshahara, huku sindimba, kule wenyeji na mdumange wao, na kelele za wanywa pombe katikati. Wangeongea lugha gani? Kiswahili, basi. Babu aliingia kambini anajua Kiha tu, akatoka anatukana kwa Kiswahili safi na anabembeleza kwa Kizigua, maana huko ndiko alikompata bibi. Wazee wa bibi walimuuliza swali lilelile, "Kwenu wapi?" Akasema Kasulu. Wakaulizana, Kasulu ndo wapi? Hakuna aliyejua, wakampa mke hivyohivyo.

Kisha nailoni ikaja duniani, kamba za mkonge zikakosa soko. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, lakini bei haikusikiliza mtu. Uzalishaji ukaporomoka mwaka hadi mwaka, kambi zikabaki magofu. Babu hakurudi Kasulu. Alihamia Kwamndolwa na bibi, wakajenga nyumba ya udongo, wakalima mihogo na mahindi. Humo ndimo nilimolelewa, kwa bada na mchunga. Kama hujawahi kula bada, ugali wa muhogo ule, ukashushia na mchunga unaouma ulimi kwa uchungu, huwezi kujua kwa nini watu wa Tanga tuna subira.

Babu alifariki 2019. Hapo ndipo lile swali liliporudi, safari hii si kwa utani. Simu ikapigwa kutoka Kasulu, ndugu yake mdogo akasema maiti ipelekwe nyumbani. Akasema mtu hazikwi ugenini kama mbwa. Nyumba ikagawanyika. Wajomba wengine wakaanza kupiga hesabu ya gari na jeneza, wengine wakalia, baba yangu akanyamaza kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe Kasulu hajawahi kukanyaga. Ungefikiri tunagombea urithi wa maghorofa, kumbe tunagombea shimo.

Bibi alikaa kimya mpaka saa nne za usiku. Halafu akasema maneno machache, nayaandika kama alivyoyasema: "Mume wangu kakaa Kasulu miaka 19. Hapa kakaa miaka 62. Mimi sikusoma, nyie mmesoma. Hesabuni."

Hakuna aliyebisha. Kaburi lilichimbwa asubuhi. Wachimbaji walikuwa majirani Wazigua, mzee mmoja wa Kimakonde aliyekata mkonge naye, na vijana wa bodaboda ambao babu alikuwa anagombana nao kila siku kwa kupita mbio. Yule ndugu yake wa Kasulu alifika siku ya arobaini, amechoka kwa safari. Alikaa mkekani akaangalia watu wakiingia na kutoka mpaka jioni. Akasema tu, "Kumbe alikuwa na watu." Hakulitaja tena suala la ugenini.

Tangu siku hiyo mimi nikiulizwa kwetu wapi sina kigugumizi. Vitabuni mimi ni Muha, kwa bibi ni Mzigua, na ukiniambia niongee Kiha nitakimbia. Kwetu ni pale ambapo jirani anaamka usiku kunichimbia babu kaburi.

Na usifikiri kwamba naidharau asili. Kama unataka kujua asili ina nguvu kiasi gani, nenda Handeni, kilomita 65 tu kutoka Korogwe kwa lami, uulize habari za Chogo. Karne ya kumi na tisa njaa kali iliwapata Wazigua, wengi wakachukuliwa kwa majahazi kama watumwa mpaka Somalia. Wakatoroka, wakajenga vijiji vyao bonde la mto Juba. Vizazi kwa vizazi wakaendelea kuongea Kizigua. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991 baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, na baadaye serikali ikawapa uraia. Watu waliondoka zaidi ya karne moja na nusu, wanarudi, wanasalimia, na wenyeji wanawaelewa! Wao walibeba kwao mdomoni. Babu yangu alitengeneza kwao upya kwa mikono. Vyote viwili ni halali, ilimradi usikane.

Na kama bado unaona Korogwe ni dakika kumi tu, chukua na hii. Kuanzia 2009 hadi 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Korogwe ilikuwa kimojawapo. Watoto wa vijiji vyetu walichomwa sindano, mama zao wakawa wanawarudisha kupimwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Leo mtoto wa nchi nyingine anakingwa na malaria, na mama yake hajui kuna mji unaitwa Korogwe. Hata wewe ulikuwa hujui.

Kinachoniuma ni kimoja. Baada ya msiba wa babu watu walisafisha chumba chake kwa nia njema kabisa. Sanduku la bati lilikuwa na makaratasi, vipande vyake vya kazi, barua za Kasulu, risiti za miaka ya sitini. Yote yakachomwa pamoja na takataka. Mimi nilipouliza nilionyeshwa jivu nyuma ya jiko. Aliyechoma akaniambia, "Si yalikuwa makaratasi tu?" Sikuwa na la kumjibu, maana hakuna aliyemwambia kwamba makaratasi yale yalikuwa historia ya nchi. Mijini wana makumbusho na watu wa kulinda. Kwetu makumbusho ni sanduku chini ya kitanda, na mlinzi wake ni mzee anayekohoa.

Kwa hiyo mshikaji wangu, na wewe dada yangu unayesoma huku umesimama kwenye daladala, nina kazi ndogo naomba uifanye wiki hii. Una simu inayopiga picha na kurekodi sauti, na kila siku unairekodia vichekesho. Mpigie bibi au babu aliyebaki. Muulize mambo matatu tu. Alifikaje hapo anapoishi? Alikuwa anafanya kazi gani na analipwaje? Na hilo jina la mahali limetoka wapi? Usimkatize. Akianza kusimulia habari za mbuzi aliyepotea mwaka 1970, mwache amtafute mbuzi wake, humo ndani utakuta mengine. Na ukienda likizo fungua lile sanduku kabla mwenye ufagio hajalifungua. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma.

Haya, nafasi imekwisha na mhariri ananitolea macho. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu, kuna msomaji wa Temeke ana kisa cha mchumba mwenye laini tano za simu, hicho si cha kukosa. Mpaka hapo, kuleni bada. Kwaherini.